Madaktari, wanafunzi wa udaktari na dawa za kulevya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huanza na "kuna rafiki yangu mmoja". Majibu yanagusa dawa za hospitali, dawa za mitaani na pombe kwa pamoja, maana mwili haujali kama kitu kimetoka kichochoroni au kwenye kabati la wodi.

Kweli madaktari nao wamo?

Wamo, na kwa kiwango kisichopishana sana na cha watu wengine. Makadirio yanayotajwa zaidi huko Marekani ni kwamba daktari mmoja kati ya kumi, pengine zaidi kidogo, hupata tatizo la pombe au dawa wakati fulani wa maisha yake. Tofauti iko kwenye wanachotumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwalinganisha madaktari wa Marekani na raia wengine, ukakuta kwamba sigara, bangi, kokeini na heroini madaktari wanazigusa kwa nadra kuliko wenzao. Walikozidi ni kwenye pombe, na kwenye dawa za maumivu na za kutuliza wasiwasi ambazo wengi walijiandikia wenyewe.

Wao ndio wanaojua madhara. Inakuwaje basi?

Swali hili huulizwa kana kwamba ujuzi ni chanjo. Mimi naona ujuzi ndio unaomponza daktari. Anayejua dozi, anayejua dawa inakaa mwilini saa ngapi na inatulizwa na nini, ndiye mwepesi wa kuamini kwamba yeye ataimudu. Mtu mwingine huogopa. Daktari hupiga hesabu.

Mtazame William Stewart Halsted, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1852. Mwaka 1884 habari zilienea kwamba daktari Carl Koller, kule Vienna, ametumia kokeini kutia ganzi jicho. Halsted na wenzake wakaanza kujidunga wao kwa wao ili waone kama ganzi hiyo inaweza kuzuia maumivu ya neva kubwa. Kisayansi walifaulu, na mbinu waliyoianzisha inatumika hadi leo. Lakini walinasa. Baadhi ya wenzake hawakuinuka tena. Halsted alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akapewa mofini, na mofini ikamshika hadi alipofariki mwaka 1922. Katikati ya hayo akawa profesa wa kwanza wa upasuaji wa chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, akaleta glavu za mpira kwenye chumba cha upasuaji, akabuni mafunzo ya ubingwa ambamo daktari kijana aliishi hospitalini na kufanya kazi usiku na mchana. Siri yake ilijulikana hadharani mwaka 1969, pale maandishi ya rafiki yake William Osler yalipofunguliwa.

Mambo mawili huwa nayakumbuka katika kisa hicho. Kwanza, mtu anaweza kutumia kwa miaka mingi na bado akasifiwa kazini. Pili, ratiba ya kukesha inayowachosha madaktari vijana hadi leo ina mkono wa mtu ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa wa dawa.

Ni dawa gani hasa?

Pombe inaongoza. Zinafuata dawa za jamii ya afyuni: kodeini, tramadoli, pethidini, mofini, fentanili. Halafu vidonge vya kutuliza na kulaza, kama diazepamu, na dawa za kuchangamsha za aina ya amfetamini na methilifenideti. Chumba cha upasuaji kina zake: propofoli, ketamini na gesi za usingizi.

Mbona madaktari wa usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, wanatajwa sana?

Kwa sababu dawa kali ziko mikononi mwao kila siku, wao wenyewe ndio wanaozivuta kwenye bomba la sindano, na wao wenyewe ndio wanaoandika kiasi kilichotumika. Fentanili, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960 na kikundi cha Paul Janssen wa Ubelgiji, ina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini. Ampuli moja ni ndogo kuliko kidole. Propofoli nayo haimpi mtu nafasi ya kukosea: kati ya kiasi kinacholaza na kiasi kinachozuia pumzi hakuna umbali, na aliyejidunga akiwa peke yake hana wa kumshika kidevu afungue njia ya hewa. Wengine hugundulika wakiwa tayari wamefariki.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia madaktari 44,612 waliosomea ubingwa wa usingizi Marekani kati ya 1975 na 2009. Kati yao, 384 walipata tatizo la dawa au pombe wakiwa mafunzoni, na 28 walikufa kwa sababu hiyo kabla ya kumaliza masomo. Ukihesabu kwa asilimia ni wachache. Ila hao ni vijana waliokwisha kusomeshwa zaidi ya miaka ishirini, na walikuwa wakifanya kazi ndani ya jengo lenye kila kifaa cha kumwokoa mtu.

Mwanafunzi huanzia wapi?

Mara chache huanzia kwenye sindano. Huanzia kwenye pombe ya baada ya mtihani, kidonge alichopewa na mwenzake wa darasa la mbele, au dawa ya maumivu aliyoandikiwa kwa haki baada ya kung'olewa jino, ikaisha, akaona ilimpa usingizi mtamu ambao hajaupata muhula mzima. Ongeza juu yake kifo cha kwanza alichokishuhudia wodini, kisha akatakiwa kuendelea na mgonjwa wa kitanda cha pili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wanafunzi wa udaktari wa Marekani: asilimia 32.4 ya waliojibu walikuwa na vigezo vya matumizi mabaya ya pombe au utegemezi, karibu mara mbili ya vijana wasomi wa rika lao. Waliokuwa hatarini zaidi ni wadogo kwa umri, wasio na ndoa, wenye deni kubwa la masomo, waliochoka kupita kiasi na wenye sonona. Deni, tafadhali liangalie tena. Watu huzungumza juu ya tabia mbovu za vijana na kulisahau hilo.

Vidonge vya kukesha vinaongeza akili?

Vinaongeza muda wa kukaa macho na kujiamini. Akili ni habari nyingine. Unachosoma hupangwa na kukaziwa kwenye kumbukumbu wakati umelala, kwa hiyo anayeukata usingizi siku tatu kabla ya mtihani anasoma kurasa nyingi zinazokaa kidogo. Na hiki ndicho kinachofuata mara nyingi: moyo unakwenda mbio, usingizi unakataa kuja hata ukiutaka, unatafuta kidonge cha kulala, asubuhi unaamka mzito, unakitafuta kile cha kwanza. Sasa una dawa mbili na mtihani bado.

Mwenye ugonjwa wa kushindwa kutulia na kuzingatia, aliyepimwa na anayefuatiliwa, hayumo katika jibu hili. Yeye anatibiwa.

Na kahawa?

Kahawa haimpeleki mtu kwenye baraza la madaktari. Nusu ya kafeini ya kikombe hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, basi ya saa tatu usiku ndiyo inayokufanya uhesabu mabati ya dari saa nane.

Kujiandikia dawa mwenyewe ni kosa?

Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mabaraza mengi hukataza au huonya vikali kujiandikia dawa zinazodhibitiwa, na kuwaandikia mke, mume au watoto. Hata pale sheria iliponyamaza, ni tabia ya kuiacha. Wahenga walisema mganga hajigangi, na sababu ni ya kitabibu kabisa: daktari anayejitibu hajihoji, hajipimi, na hakuna wa kumwambia "hii ni mara ya nne mwezi huu". Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari wa dunia, liliongezewa mwaka 2017 ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Hatua ya kwanza ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya: uwe na daktari wako, mtu asiyefanya kazi idarani kwako.

Kabati lina kufuli mbili na rejista. Dawa hutokaje?

Hutoka kupitia heshima tunayopeana.

Chukua ampuli ya fentanili ya mikrogramu 100. Mgonjwa amehitaji 50. Zile 50 zilizobaki zinatakiwa kumwagwa mbele ya shahidi, na wote wawili waweke sahihi. Sasa ni saa tisa usiku, wodi ina wagonjwa wawili wanaopumua kwa shida, na daktari anayependwa na kila mtu anapita na rejista mkononi: "Sista, nisaidie sahihi hapa, nimeshamwaga." Muuguzi anatia sahihi. Hakuona chochote kikimwagwa. Angekataa, angeonekana anamwita daktari mwizi. Kufuli mbili zimeshindwa na sentensi moja.

Kwa hiyo hospitali makini haiwategemei watu wema. Mashahidi hubadilishwa, mabaki hurudishwa famasia na mengine hupimwa maabara, na mfamasia hulinganisha kila mwezi nani anachukua nyingi kuliko wenzake wa kazi ileile. Ukitia sahihi, tia kwa ulichokiona. Hilo si tusi kwa mtu, na daktari asiye na la kuficha hatakasirika kusubiri dakika moja.

Mgonjwa anaweza kudhurika?

Sana. Njia ya wazi ni hukumu mbovu: dozi iliyokosewa, simu isiyopokewa, mkono unaotetemeka. Iliyofichika zaidi ni mgonjwa kunyimwa dawa yake. Anaandikiwa mofini, anapata maji ya chumvi, na akilia kwa maumivu anaambiwa ana woga.

Mbaya kuliko zote ni maambukizi. Mwaka 2012, katika jimbo la New Hampshire, Marekani, iligunduliwa kwamba fundi wa hospitali mwenye homa ya ini aina ya C alikuwa akiiba sindano za fentanili, anajidunga, kisha anazijaza maji ya chumvi na kuzirudisha. Wagonjwa zaidi ya 30 wa hospitali hiyo waliambukizwa, na wengine tena katika majimbo aliyowahi kufanya kazi. Alihukumiwa miaka 39 jela. Hakuwa daktari. Lakini mlango aliopitia ni uleule, na baadhi ya hospitali alizopitia kabla ya hapo zilimwacha aende zake bila kumwonya aliyefuata.

Dalili ni zipi?

Kazini ndipo zinapochelewa kuonekana, kwa sababu kazi ndipo dawa ilipo na mtu hulinda mahali hapo kwa nguvu zote. Nyumbani huanza kuharibika mapema: ahadi zinavunjwa, pesa hazieleweki, hasira za ghafla, mlango wa bafu unafungwa muda mrefu.

Hospitalini, usitegemee kumwona mtu akiyumba. Tazama yule anayejitolea zamu za ziada kila wiki, anayeonekana wodini siku yake ya mapumziko, anayekataa kupokewa akaenda kula lakini hupotea chooni kila baada ya saa moja. Mikono mirefu kwenye joto. Mboni za macho zilizobana kama tundu la sindano, halafu siku nyingine jasho, mafua na miayo, ambayo ni arosto, yaani mwili kudai dawa uliyoizoea. Ishara ninayoiamini zaidi iko kwenye karatasi: fomu inaonyesha mgonjwa amepewa dawa nyingi ya maumivu, na mgonjwa huyohuyo anaamka akipiga kelele.

Kila moja ya hizi, ikiwa peke yake, inaweza kuwa msiba, ugonjwa wa tezi, ndoa inayovunjika au uchovu wa kawaida. Zikikusanyika, zisemwe.

Namshuku mwenzangu. Nifanye nini?

Andika ulichokiona: tarehe, saa, dawa, nani mwingine alikuwepo. Ulichokiona, si unachodhani. Kisha mpelekee mtu mwenye mamlaka, iwe mkuu wa idara, kamati ya afya ya wafanyakazi au mfamasia mkuu. Katika nchi kadhaa kanuni za taaluma zinamlazimu daktari kutoa taarifa mwenzake akiwa hatari kwa wagonjwa, na kunyamaza kunaweza kukugharimu leseni yako wewe.

Mambo ya kutofanya ni muhimu zaidi. Usimkabili peke yako koridoni. Usimwambie "nimekupa wiki moja ujirekebishe". Usimfunike kwa kumfanyia zamu zake. Na wale wenye mamlaka wasimwite ofisini Ijumaa jioni, wakamnyang'anya kitambulisho, wakamwacha aondoke mwenyewe. Saa na siku zinazofuata baada ya daktari kugunduliwa ni za hatari kubwa ya kujiua, na huyu ni mtu anayejua dozi. Anayemkabili awe na mwenzake, awe na mahali pa matibabu palipokwisha kukubali kumpokea siku hiyohiyo, na asimwache njiani.

Utaambiwa umemchoma mwenzako. Huenda naye akakuchukia kwa miaka. Ukinyamaza, mgonjwa fulani ataendelea kuamka akilia.

Nikijitokeza mwenyewe nitapoteza leseni?

Inawezekana, lakini uwezekano ni mdogo kuliko unavyodhani usiku wa manane. Mwaka 2008 jarida la tiba la Uingereza lilichapisha ufuatiliaji wa madaktari 904 waliopitia programu za kuwatibu na kuwafuatilia madaktari waraibu katika majimbo 16 ya Marekani. Baada ya miaka mitano, asilimia 78.7 ya wale waliojulikana walikoishia walikuwa na leseni na wanafanya kazi. Asilimia 10.8 walikuwa wamenyang'anywa leseni. Wagonjwa wengi wa uraibu duniani hawaoni matokeo ya namna hiyo.

Mabaraza mengi hutofautisha daktari mgonjwa na daktari mhalifu, na anayejileta kabla mgonjwa hajadhurika huanguka upande wa kwanza kwa urahisi zaidi. Pale nchi isipokuwa na programu maalumu, anza na daktari wa magonjwa ya akili aliye nje ya hospitali yako, na muulize mapema mipaka ya usiri ni ipi.

Naweza kuacha kimyakimya, likizo hii?

Kama ni pombe nyingi ya kila siku au vidonge vya jamii ya diazepamu, usikate ghafla. Arosto yake huleta degedege, kuchanganyikiwa, na inaweza kuua. Hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi. Arosto ya afyuni kwa kawaida haiui mtu mwenye afya, ila inamtesa, na hatari yake kubwa iko mbele: mwili umeshasahau dozi ya zamani, mtu anarudia kiasi kilekile baada ya wiki tatu, pumzi inakatika. Nalokseni hurudisha pumzi, mradi kuna mtu mwingine chumbani wa kuichoma.

Tena likizo haiondoi kilichokufikisha hapo. Zamu zitakusubiri.

Matibabu yenyewe yakoje?

Kuondoa sumu mwilini ni sehemu fupi. Baadaye kuna ushauri nasaha wa miezi kadhaa, kutibiwa sonona kama ipo, na kwa waliotumia afyuni, dawa kama buprenofini, methadoni au naltreksoni. Kwa madaktari huongezwa mkataba, mara nyingi wa miaka mitano: kupimwa mkojo kwa kushtukizwa, wakati mwingine nywele, ambazo kwa kuwa hukua kama sentimita moja kwa mwezi hutunza historia ndefu. Ninaamini upimaji huo ndio unaobeba matokeo yale mazuri. Mtu ana kitu kikubwa cha kupoteza, na anajua ataonekana.

Kukaa na madaktari wengine waliopitia hayo husaidia kwa namna yake. Mmoja wa waanzilishi wawili wa Walevi Wasiotajwa Majina (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Bob Smith wa Akron, Ohio, alikuwa daktari wa upasuaji. Alikunywa mara ya mwisho Juni 1935. Barcelona ina programu ya madaktari wagonjwa tangu 1998, na London ilianzisha yake mwaka 2008.

Akipona arudi pale pale?

Daktari wa familia aliyekuwa akinywa anaweza kurudi kwenye meza yake. Daktari wa usingizi aliyejidunga fentanili ni shauri jingine. Utafiti ule wa 2013 ulikadiria kwamba asilimia 43 ya waliopata tatizo wangerudia matumizi katika miaka 30, na kwa baadhi yao dalili ya kwanza ya kurudia ilikuwa kifo. Kumshauri abadili ubingwa kunaonekana ukatili. Mimi ningemshauri hivyo.

Mimi ni mwanafunzi. Chuo kikijua nimekwisha?

Soma kanuni za chuo kabla ya kumwambia mtu yeyote wa utawala, kisha nenda kwa mshauri au daktari ambaye hakusahihishii mitihani. Kuomba kuahirisha muhula kwa ugonjwa ni jambo la kawaida, na mara nyingi cheti cha daktari si lazima kitaje ugonjwa gani. Kukamatwa na vidonge vya wodi ni jambo tofauti kabisa, na linaweza kufika polisi.

Mume wangu ni daktari na anatumia. Naogopa kumharibia kazi.

Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wake na waume wa madaktari wawe wa kwanza kujua na wa mwisho kusema. Acha kumpigia simu kazini kusema anaumwa. Usimwage dawa zake wala kumwekea dozi. Mtafute daktari wa uraibu wewe kwanza, hata kama yeye amekataa, ujue la kufanya akikubali, kwa sababu akikubali huenda ikawa ni kwa saa moja tu. Akilala usingizi usioamshika, akikoroma kwa vipindi au midomo ikibadilika rangi, ita gari la wagonjwa na useme ukweli wote wa alichotumia. Kazi yake itajadiliwa kesho.

Mimi ni mgonjwa. Nahisi daktari aliye mbele yangu amelewa.

Una haki ya kukataa asikuguse, na huhitaji kumthibitishia mtu lolote ili uitumie. Mwambie muuguzi wa zamu unataka daktari mwingine, na kama ni kabla ya upasuaji, sema kabla hujapewa dawa ya usingizi. Baadaye andika malalamiko ukitaja saa, harufu, maneno na mwendo, bila kutaja ugonjwa unaomkisia. Sukari ikishuka, mtu huongea kwa kujikanyaga na kuyumba kama mlevi, na kiharusi kinaweza kuanza vivyo hivyo. Atakayempima ndiye atakayejua, na anaweza kukuta daktari ambaye hakuonja kitu na anahitaji kulazwa upesi.